Bodi la Mbao Likilia, Usikimbilie Spana

Wiki hii nimeambiwa tena, na safari hii na mzee ninayemheshimu: "Fundi, bodi linalia. Likaze lisicheze kabisa." Gari lenyewe ni Ford TT, lori dogo la kusambazia bidhaa lililoanza kuundwa Marekani mwaka 1917. Nimeshalieleza jambo hili mlangoni mwa karakana mpaka nimechoka.

Bodi la mbao juu ya chesisi ya zamani lisipocheza litapasuka. Chesisi ile ni mihimili miwili ya chuma iliyoungwa kwa ribiti, yaani pini za chuma zilizogongwa vichwa, na springi zake zimelala kukingama, moja mbele, moja nyuma. Gurudumu moja likipanda jiwe, chesisi nzima inajipinda. Huamini? Pandisha gurudumu la mbele la kushoto juu ya gogo la kimo cha shubiri moja, kisha tazama mlango. Mwanya uliokuwa ukipitisha njiti ya kiberiti sasa unapitisha kidole. Maseremala wa zamani walilijua hilo, ndiyo maana waliunga nguzo kwa ulimi na tundu, ncha ya ubao mmoja ikichomekwa ndani ya mwingine, wakaziacha zipumue.

Niliwahi kuletewa lori lililochomelewa vyuma vya pembe kila kona, kazi ya karakana nyingine. Nguzo nne za mninga, zote zilipasuka mahali pamoja, pale chuma kinapoishia. Nilipoikata moja, ndani ilikuwa nyekundu safi, kavu, haina hata doa la kuoza. Iliniuma sana. Ubao haukuwa na kosa lolote. Mpindo ulizuiwa kwenye kona ukahamia pale chuma kilipokoma.

Kwa hiyo tafuta kwanza kinacholia. Mara nyingi ni mbao inayosugua chuma, na kipande cha ngozi au mpira wa tyubu kati yake na chesisi kinamaliza kelele. Yubolti za nyuma, zile bolti za umbo la U zinazoshika bodi kwenye chesisi, nazikaza sawasawa. Za karibu na kebini nazitilia springi fupi chini ya nati ili bodi lipate kucheza, na sibishani na mtu juu ya hilo.

Ati ubao ukioza unachokoa, unajaza pati, unapaka rangi? Hapana. Kuoza ni kazi ya kuvu, na kuvu hufuata maji. Pati inayafungia ndani. Kata mpaka ufike kwenye mbao nzima, unga kipande kipya, halafu uliza maji yaliingilia wapi.

Oili chafu ya injini haitibu mbao. Inaichafua tu, na rangi haitashika tena.

Wengine wanataka mvule mtupu kwa kuwa ni mzito na mchwa hauwezi. Mvule naupenda, hata ule wenye mawe ndani yanayoua meno ya msumeno, lakini injini hii ina nguvu ya farasi 20 na lori limeundwa kubeba tani moja. Kila kilo ya bodi inapunguza mzigo. Weka mvule chini panapolowa, juu tumia mbao nyepesi.

Na anayedai "bodi orijino la Ford" ajue kuwa TT za mwanzo ziliuzwa chesisi tupu. Mnunuzi alijitafutia seremala.

Ombi langu moja: kabla ya kuunga, paka rangi vichwa vya mbao, yaani ncha zilizokatwa, mara mbili, tatu. Maji huingia kichwani upesi kuliko ubavuni, na ulimi ukishazama kwenye tundu lake, brashi haifiki tena.