Kazi iliyo kati ya fundi na fundi

Mtu akiniuliza ukarabati wa kina wa nyumba ni nini, humjibu kwanza kwa kipimo: ni kazi inayopunguza matumizi ya nishati ya nyumba kwa zaidi ya nusu. Tume ya Ulaya yenyewe huweka mstari kwenye zaidi ya asilimia 60. Kubadilisha taa na kufunga boila mpya (mtambo wa kupasha nyumba na maji) hakutakufikisha hapo. Itabidi uguse kuta, paa, sakafu, madirisha, mianya ya hewa na mfumo wa kuingiza hewa safi, na vyote viwe kwenye mpango mmoja hata kama mfuko unakulazimisha kuvifanya kwa awamu.

Ujuzi wenyewe si mpya. Huko Regina, Kanada, nyumba ya majaribio yenye vihami vinene, yaani tabaka za kuzuia joto lisipite, na kuta zilizozibwa vizuri ilijengwa mwaka 1977. Darmstadt, Ujerumani, nyumba za kwanza za kiwango cha Passivhaus, yaani nyumba inayohitaji joto kidogo sana la kupashwa, zilipata wakazi mwaka 1991. Mwaka 2010 taasisi iliyozaliwa na kazi hiyo ikatoa kiwango cha EnerPHit, mahususi kwa nyumba za zamani: katika hali ya hewa ya baridi ya wastani, joto la kupasha nyumba lisizidi kilowati-saa 25 kwa kila mita ya mraba kwa mwaka. Nyumba nyingi kuukuu ambazo hazijaguswa hutumia mara kadhaa ya kiasi hicho. Kwa hiyo hesabu tunayo, na vifaa tunavyo. Hata hivyo, katika Umoja wa Ulaya ukarabati wa kina hufikia takribani asilimia 0.2 tu ya majengo kwa mwaka, ilhali sehemu kubwa kabisa ya majengo yaliyopo leo yatakuwa bado yamesimama mwaka 2050.

Mimi kazi yangu ni kuwafundisha mafundi, na msimamo wangu ni huu: kinachokosekana ni mikono inayojua kazi, hasa kazi iliyo mpakani, pale fundi mmoja anapoishia na mwingine anapoanzia.

Chukua ukuta wa matofali usio na uwazi ndani, unene wa sentimita 22 hivi. Kwa kila nyuzi moja ya tofauti ya joto kati ya ndani na nje, kila mita ya mraba hupitisha karibu wati 2. Ubandike kihami cha sufu ya madini (nyuzi laini za mawe au kioo) cha sentimita 15 na upotevu unashuka hadi wati 0.21 hivi, yaani karibu sehemu moja ya kumi. Hapo mwenye nyumba hufurahi, na ana haki. Lakini sasa acha asilimia 5 tu ya ukuta huo bila kihami: ukanda mwembamba kuzunguka madirisha, nyuma ya bomba la maji ya mvua ambalo hakuna aliyetaka kulifungua, na pale ukuta unapokutana na paa. Wastani wa ukuta mzima unapanda hadi wati 0.30. Umeacha sehemu moja ya ishirini, na upotevu wako umeongezeka kwa zaidi ya asilimia 40. Huwa naiandika hesabu hii ubaoni siku ya kwanza ya mafunzo na kuwaachia mafundi waifanye wenyewe, kwa sababu fundi akishaifanya kwa mkono wake hatasema tena kwamba "pale padogo tu si kitu".

Ukiangalia sehemu zinazoachwa, karibu zote hazina mwenyewe. Fundi wa madirisha amefunga fremu vizuri na kwenda zake. Mwashi amepaka lipu vizuri mpaka ukingoni. Kati ya fremu na lipu kuna upenyo wa sentimita moja uliojazwa povu haraka haraka, na hakuna kati yao aliyelipwa kwa ajili ya upenyo huo. Fundi umeme naye hutoboa utando wa kuzuia hewa ili apitishe waya, na hana habari kwamba ule utando ulikuwa na kazi. Seremala huacha vichwa vya boriti vimepenya ukutani. Kila mmoja kwa upande wake amefanya kazi safi, na bado nyumba inavuja.

Chombo kinachoufichua ukweli huu ni feni inayofungwa kwenye fremu ya mlango wa nje. Unafunga madirisha yote, feni inanyonya hewa mpaka tofauti ya mgandamizo kati ya ndani na nje inafika paskali 50, takribani sawa na upepo wa kilomita 30 hivi kwa saa unaosukuma nyumba pande zote kwa wakati mmoja. Kisha unapima ni kiasi gani cha hewa kinaingia kupitia nyufa. EnerPHit inaruhusu hewa yote ya nyumba ibadilike si zaidi ya mara 1 kwa saa chini ya mgandamizo huo; nyumba ya zamani inaweza kuzidi mara 10.

Namba hiyo ni muhimu kwa mkaguzi, ila kwa mafunzo kilicho muhimu zaidi ni feni ikiwa inazunguka. Namwambia fundi umeme aweke kiganja mbele ya soketi aliyoifunga mwenyewe. Anausikia upepo baridi vidoleni. Namletea kijiti cha moshi, na ule moshi uliokuwa ukipanda taratibu unakatika ghafla na kutimuliwa kando na upepo unaotoka kwenye tundu la soketi. Tunafungua kifuniko: waya umepita kwenye bomba lake la plastiki, na bomba lenyewe liko wazi mpaka darini, nje ya kihami chote. Anaziba mdomo wa bomba, anaubana utando kwa utepe kuzunguka boksi, na moshi unarudi kupanda wima. Hakuna mhadhara unaoweza kushindana na dakika hizo. Mara nyingi fundi huyo ndiye atakayezunguka chumba kizima kutafuta mianya mingine bila kuambiwa.

Watafiti nao walifunzwa na nyumba zenyewe kwa namna hiyo hiyo. Miaka ya 1970, kundi la Chuo Kikuu cha Princeton lilipochunguza nyumba za Twin Rivers, New Jersey, liligundua kwamba joto lililopotea kupitia darini lilikuwa kubwa kuliko hesabu ilivyotabiri. Kihami kilikuwapo. Ila hewa ya moto ilikuwa ikipanda kupitia nafasi zilizojificha kando ya kuta na mabomba ya moshi, ikakipita kihami pembeni. Sufu ya madini hupunguza mwendo wa joto kwa kuishika hewa itulie. Hewa ikipita kati yake au kando yake, umenunua chujio.

Hapa ndipo waashi wazoefu hunipinga: "Nyumba lazima ipumue!" Nawaheshimu kwa hilo, maana hofu yao ina msingi. Watu hupika, huoga, huanika nguo, na hutoa pumzi. Familia moja huingiza lita kadhaa za maji hewani kwa siku. Hewa ya nyuzi 20 yenye unyevu wa asilimia 50 huanza kutoa umande ikigusa kitu cha nyuzi 9 hivi, na kuvu haisubiri hata umande: kwenye kona ya nyuzi 12 au 13 tayari kuna unyevu wa kutosha kuiotesha. Ukiziba nyumba bila kuweka njia ya kubadilisha hewa, umewafungia watu humo na unyevu wao. Ndiyo sababu kuziba na kuingiza hewa ni kazi moja, haigawanyiki. Hewa safi iingie kwa njia tunayoijua, kwa kiasi tunachokijua, na ikiwezekana ipite kwenye kifaa kinachochukua joto la hewa chafu inayotoka na kuirudishia ile inayoingia. Nyufa haziwezi kufanya hivyo: siku ya upepo huingiza hewa kupita kiasi, siku tulivu hazitoshi. Na kama ndani kuna boila au jiko linalochoma mafuta au kuni na kuvuta hewa ya chumbani, likaguliwe kabla hujaziba tundu hata moja. Kaboni monoksidi haina harufu.

Katika maeneo ya joto na unyevu mwingi, yenye nyumba zinazopozwa kwa mashine, mvuke husafiri kinyume na kwenye baridi: kutoka nje kwenda ndani. Fundi aliyekariri kwamba utando wa kuzuia mvuke huwekwa upande wa ndani ataharibu ukuta huko. Aliyefundishwa kufuata maji yanakotoka na yanakoelekea atajua la kufanya.

Nisemapo kwamba mafunzo ni suala la uhai, sitii chumvi. Mwaka 2009 serikali ya Australia ilianzisha mpango wa kuweka vihami darini kwa fedha za umma, kwa kasi kubwa, ili kutoa ajira wakati wa msukosuko wa uchumi. Nyumba zaidi ya milioni 1 ziliguswa kabla mpango haujasitishwa Februari 2010. Vijana wanne walikufa kazini: watatu kwa umeme, mmoja kwa joto kali la darini. Miongoni mwa mambo yaliyochunguzwa na Tume ya Kifalme, tume rasmi ya uchunguzi iliyotoa ripoti mwaka 2014, ni uamuzi wa kulegeza sharti la kila mfungaji kuwa na mafunzo, ikatosha awe na msimamizi. Kufunga karatasi za foili kwa stepla za chuma juu ya nyaya za umeme kulikuwa na hatari ambayo fundi aliyefundishwa siku moja angeiona. Siwezi kuandika haya kwa utulivu. Wale vijana walipewa kazi, hawakupewa ujuzi wake.

Uingereza ilipata somo lake kwa njia nyingine. Huko Preston mamia ya nyumba zilivikwa vihami vya nje, kisha maji ya mvua yakaingia nyuma yake na kuta zikaota kuvu. Mapitio yaliyoongozwa na Peter Bonfield yalitolewa mwaka 2016, na mwaka 2019 ukatoka mwongozo wa PAS 2035 unaotaka kila mradi uwe na mratibu wa ukarabati, mtu anayewajibika kuanzia tathmini ya kwanza hadi mwisho. Naunga mkono wazo hilo kwa moyo wote, kwa sababu sasa ule upenyo wa sentimita moja una mwenyewe. Tatizo linalobaki ni kwamba mratibu anaweza kuwa na karatasi zote sawa huku mtu aliye juu ya jukwaa hajui kwa nini utepe haushiki kwenye tofali lenye vumbi.

Kwa hiyo mafunzo yangu huyafanyia kwenye kona ya nyumba iliyojengwa kwa ukubwa halisi: kuta mbili, dirisha, kichwa cha boriti, bomba moja, nyaya mbili, kipande cha paa. Mwashi, seremala, fundi bomba na fundi umeme wanaingia pamoja, si kwa zamu. Kabla ya mtu yeyote kushika chombo, nawapa mchoro wa nyumba iliyokatwa wima na kalamu nyekundu, wachore mstari wa kizuizi cha hewa kuzunguka nyumba yote bila kuinua kalamu. Daima kalamu inakwama mahali: sakafu inapokutana na ukuta, au ngazi za kwenda darini. Wanabishana, na ubishi huo ndio mafunzo. Fundi bomba anagundua kwamba bomba lake linaukata mstari mara tatu, na seremala anamwonyesha namna ya kulipitisha likaukata mara moja.

Kipimo cha feni tunakifanya mara tatu: kabla ya kazi, mwisho wa kazi, na katikati, mara tu kizuizi cha hewa kinapokamilika na kabla hakijafunikwa kwa lipu au mbao. Kile cha katikati ndicho wakandarasi hupenda kukiruka ili kuokoa muda, nami sikubali, kwa sababu wakati huo mwanya unazibwa kwa utepe na dakika tano. Baada ya lipu utazibwa kwa nyundo.

Mpangilio wa awamu nao hufundishwa hapo hapo. Mwenye nyumba anayebadilisha madirisha mwaka huu na kuweka kihami cha nje miaka mitano baadaye anahitaji fremu zisogezwe mbele tangu leo, ziwe usawa wa kihami kitakachokuja, la sivyo kingo za dirisha zitabaki baridi maisha yote ya nyumba. Pampu ya joto, mashine ya umeme ya kupasha nyumba, inakuja mwisho, ikiwa ndogo kwa kadiri nyumba inavyohitaji kidogo.

Kikwazo kikubwa ninachokutana nacho ni siku yenyewe ya mafunzo. Fundi mwenye kampuni ya watu watatu akiacha kazi siku mbili, halipwi, na mteja wake analalamika. Programu ya BUILD UP Skills ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza mwaka 2011, ilitoa fedha za kuandaa mafunzo, na hilo ni jema. Bado ningependa kuona kila mkataba wa ukarabati unaolipiwa na fedha za umma ukiwa na saa za mafunzo ndani yake, zikilipwa kama zinavyolipwa saa za kupaka lipu, na zikifanyika kwenye jengo lile lile linalokarabatiwa, feni ikiwa mlangoni.