Ukiiona Goma bado hujafika

Wasafiri wengi wa ziwa Kivu huamini boti hupinduliwa na mawimbi ya katikati. Ukishaiona bandari, umepona. Si hivyo. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova, imejaza watu kupita kiasi, ilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku, hapa Goma.

Jambo kubwa ni uzito umekaa wapi. Magunia yakiwa chini, boti ikiinama hurudi yenyewe. Yakirundikwa juu, na abiria juu yake, kuinama kidogo kunatosha kuipindua. Na wakati wa kutia gati ndipo wote husimama, mabegi mkononi, wakisukumana upande mmoja. (Eti kila mmoja awahi pikipiki!) Boti ikibeba gari, nalo lifungwe kwa minyororo lisisogee upande mmoja, breki ya mkono peke yake haitoshi.