Testi ya kudondosha: kwa nini risasi uliyoijaza mwenyewe inakwama kwenye chemba

Huku Marekani kuna watu kibao wakishapiga shabaha wanaokota maganda yao, wanarudi nayo nyumbani, wanayasafisha, wanaweka fataki mpya (kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti), baruti na kichwa kipya, basi risasi imerudi kazini. Kasheshe linaanza pale slaidi ya bastola, ile sehemu ya juu inayorudi nyuma na mbele, inapogoma kufunga, imebaki wazi milimita mbili tatu, na mtu anaanza kuigonga na kiganja. Acha kabisa, utaizidisha kunasa.

Ndo maana kuna testi ya kudondosha. Tengeneza kwanza risasi moja ya mfano isiyo na fataki wala baruti, hakikisha bastola ni tupu, toa mtutu, ushike chemba (tundu la nyuma ya mtutu risasi inapokaa) ikiangalia juu, udondoshe ile risasi ndani. Ikiwa safi inalia tang'!, inazunguka ukiigusa kwa kidole, na ukipindua mtutu inatoka yenyewe. Ikiingia kimya kimya halafu ikang'ang'ania, hapo kuna jambo.

Jambo gani sasa? Chukua maka peni nyeusi, ipake risasi yote, idondoshe tena, izungushe, itoe uangalie wino umefutika wapi.

Umefutika kwenye kichwa, risasi ni ndefu, kichwa kinagusa mifereji ya mtutu. Hapa wengi wanachanganyikiwa, maana 9mm Luger, aina ya risasi ya bastola, mwisho wa urefu ni 29.69 mm na wao wako chini ya hapo, ila kichwa kinene cha butu kinagusa mapema kuliko kilichochongoka. Usikizamishe kiholela, nafasi ndani ya ganda inapungua na presha inapanda, fungua kitabu cha vipimo kwanza.

Umefutika mdomoni mwa ganda, basi ule mdomo uliopanuliwa ili kichwa kiingie haujarudishwa sawasawa. Pima unene wake na kalipa (kipimo cha taya mbili), usizidi 9.65 mm. Ila usiubinye mno pia, 9mm inasimama kwenye chemba kwa ukingo wa huo huo mdomo, ukiuzamisha ndani risasi inapitiliza.

Chini karibu na kitako? Ganda limetuna, ile dai (die kwa Kiingereza), kifaa cha kulibana lirudi saizi yake, haikushuka vya kutosha.

Na tumia mtutu wako mwenyewe. Risasi zangu zinaingia tang' kwenye bastola yangu ya Glock, jamaa yangu ana ya CZ, kampuni nyingine, zile zile zilimgomea.