Je, wajua kiwanja cha ndege kwenye simyuleta ya zamani (programu ya kompyuta ya kurusha ndege) kinatengenezwaje, na kwa nini watu wanakitoa bure?

Ukiruka na ndege ndogo ya Caravan kutoka KIA, kiwanja cha Kilimanjaro, ndani ya Flight Simulator 2004 ya Microsoft (FS2004), ukashika magharibi, Mlima Meru unakupita mkono wa kulia, Arusha unaiacha nyuma, na kama nusu saa hivi ulitakiwa uone kitu ambacho mtu yeyote aliyewahi kupanda basi la Karatu hawezi kukisahau, yaani ule ukuta wa Bonde la Ufa pale Mto wa Mbu. Chini ziwa, juu msitu, na juu kabisa karibu na ukingo kuna kiwanja cha ndege cha Manyara. Sasa kwenye simyuleta ukuta haupo. Kuna mwinuko tu umelala taratibu, unapanda bila hata kujua umepanda.

Nilivyoona hivyo mara ya kwanza niliumia kweli, maana hiyo njia naijua. Na ndo nikaanza kuuliza, hawa watu wanaotengeneza viwanja na kuvigawa bure, wanafanyaje? Nimekaa nayo muda sasa, ngoja niwaelezee.

Kwanza tuelewe kwa nini ukuta haupo. Ardhi yote ya simyuleta ni kama wavu uliotandazwa, kila fundo la wavu lina namba ya mwinuko, na katikati ya fundo na fundo kompyuta inanyoosha tu mstari. Kwenye toleo la 2004, sehemu kubwa ya dunia mafundo yaliachana kama kilomita moja hivi. Ziwa Manyara liko kama mita 960 juu ya usawa wa bahari, kiwanja kiko futi 4,150 ambayo ni karibu mita 1,265, kwa hiyo kuna tofauti ya mita 300 ambayo kwa ukweli inamalizika ndani ya umbali mfupi, ila kompyuta yenye fundo moja hapa na jingine kilomita moja mbele haiwezi kuujua huo ukuta, inachora mteremko.

Dawa ilipatikana kutoka angani. Februari 2000 chombo cha Endeavour kilizunguka dunia siku 11 kikipima mwinuko wa ardhi kwa rada, kuanzia nyuzi 60 kaskazini mpaka 56 kusini, na vile vipimo vikatolewa bure kwa umma vikiwa na fundo kila mita 90 hivi. Hebu fikiria, kwenye kilomita moja ya mraba ulikuwa na fundo moja, sasa una zaidi ya 100. Watu wakachukua zile data wakazigeuza kuwa faili ambalo simyuleta inalisoma. Ukiweka hilo faili, ukuta wa Manyara unasimama. Siwezi kueleza raha yake.

Lakini hapo hapo kiwanja kinaharibika, na hii ndo sehemu tamu ya kazi yote. FS2004 haijui ranwei (njia ya kurukia na kutua ndege) yenye mteremko, ranwei zake zote ni bapa kama meza, na kila kiwanja kinakalia kipande cha ardhi kilichosawazishwa kwa nguvu kwenye mwinuko mmoja, wenyewe wanakiita flateni. Zamani ardhi ilikuwa imelala kwa hiyo flateni haikuonekana. Ukishaleta ardhi yenye ukingo wa kweli, ile flateni iliyochorwa kienyeji inaweza kuvuka ukingo, unakuta kipande cha majani kimetokeza hewani juu ya bonde, hakina cha kukishikilia. Mwingine anakosea mwinuko futi 30 tu, kiwanja kinakuwa juu ya kichuguu kikubwa au kimezama ndani ya shimo, kuta za udongo pande zote, na ndege iko katikati. Kwa hiyo mtengenezaji anakaa na ramani, anachora mstari wa flateni nukta kwa nukta ukifuata ukingo unavyopinda, anafungua simyuleta, anaangalia, anafunga, anarudi kusogeza nukta mbili, anafungua tena. Hiyo fungua funga mimi imenila wikendi nzima mara moja, na sijutii.

Ranwei yenyewe ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Kwa simyuleta kiwanja ni maandishi: msimbo wa herufi nne (Manyara ni HTLM, zile mbili za mwanzo HT zote ni Tanzania, Kenya ni HK, Uganda HU), latitudo, longitudo, mwinuko, urefu, upana, uelekeo, na aina ya uso, kama ni lami, zege, nyasi, changarawe au udongo. Microsoft walitoa bure kifaa cha kugeuza maandishi hayo kuwa faili la BGL ambalo ndo simyuleta inalisoma, afu wapenzi wa simyuleta wenyewe wakatengeneza programu kama AFCAD na baadae Airport Design Editor, nazo bure, ambapo unaburuta mistari kwa mausi badala ya kuandika. Vipimo vinatoka kwenye kitabu cha taarifa za anga, AIP, ambacho kila nchi inatoa kupitia mamlaka yake ya usafiri wa anga, kwetu ni TCAA na Kenya ni KCAA.

Umakini unatakiwa kwenye desimali. Nyuzi moja ya latitudo ni kama kilomita 111, kwa hiyo ukikosea desimali ya tatu kwa moja tu umesogeza kiwanja mita 111, yaani ranwei imehamia porini. Desimali ya nne ni mita 11, hapo bado unaweza kutua pembeni ya lami. Na uelekeo unaandikwa kwa kaskazini ya kweli, sio ya dira, watu wengi wanachanganya hapo, halafu wanashangaa ranwei yao haifanani na picha ya setilaiti.

Picha za setilaiti nazo zina historia yake. FS2004 ilitoka Julai 2003, Google Earth ikaja Juni 2005. Hiyo miaka miwili katikati mtu aliyetaka kuchora kiwanja cha mbali alikuwa anategemea ramani za karatasi, michoro ya marubani, na kumbukumbu za mtu aliyewahi kufika. Baada ya 2005 kijana aliyekaa chumbani kwake popote duniani akaweza kuona banda lipo upande gani wa maegesho. Ila angalieni, kuitazama picha ili upate vipimo ni jambo moja, kuikata na kuibandika ndani ya kifurushi chako ukakigawa ni jambo lingine kabisa, ile picha ina mwenyewe.

Majengo sasa. Hapa unahitaji programu ya kuchonga maumbo. Enzi hizo wengi walitumia Gmax, ilikuwa ya bure na ilikuwa na kiunganishi cha simyuleta, wengine wakaenda SketchUp baada ya Google kuinunua 2006 na kutoa toleo la bure, halafu wanapitisha kwenye ModelConverterX kugeuza. Banda la kiwanja cha mbugani halina ugumu, kuta nne na paa la bati au makuti, umemaliza. Kinacholifanya lionekane banda lile lile unalolijua ni picha unayobandika kwenye kuta. Unapiga picha ukuta ukiwa umesimama sawasawa mbele yake, siku ya mawingu ikiwezekana ili kusiwe na vivuli vikali, unanyoosha mistari kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, unapunguza mpaka upande wake uwe pikseli 256 au 512 au 1024, maana simyuleta ile inataka namba za aina hiyo tu na haipandi zaidi ya 1024. Na ukiweza, kuta zote, paa, mlango, kibao, weka kwenye picha moja kubwa badala ya picha kumi ndogo, kwa sababu kila picha inayoitwa inaichosha kadi ya kompyuta, na watu wanaotumia simyuleta hii mara nyingi mashine zao ni za kawaida. Kama unakwenda kupiga picha kiwanjani omba ruhusa kwanza kwa wahusika, usitoe simu tu ukaanza kuzunguka, viwanja vya ndege ni sehemu za ulinzi.

Taa za usiku nimeruka makusudi. Kuna njia yake, unatengeneza picha ya pili ya ukuta ule ule ikiwa na madirisha yanayowaka, jina lake linaishia na _lm, simyuleta inaibadilisha yenyewe jua likizama. Ila viwanja vingi vya mbugani havina taa, ndege zinatua mchana, kwa hiyo kazi imepungua.

Miti ndo inasumbua kuliko unavyofikiri! Simyuleta inapanda miti na nyumba yenyewe kulingana na aina ya ardhi, haijui kwamba wewe umesogeza ranwei, unakuja kutua unakuta mti katikati. Unachora eneo la kuzuia, unaiambia hapa usiote kitu, halafu miti unayoitaka unaipanda mwenyewe kwa mkono, mmoja mmoja, pale ilipo kweli. Kuna watu wanapanda miti mpaka usiku wa manane na mtu wa nje haelewi wanafanya nini. Mimi naelewa. Mti mkubwa pembeni ya maegesho ambapo madereva wa safari wanapaki wakisubiri wageni, ukikosekana huo kiwanja sio chenyewe, hata kama vipimo vyote ni sahihi.

Sasa kwa nini simyuleta ya 2003 wakati kuna mpya? Sababu ya kwanza ni mashine. FS2004 ilikuja kwenye CD nne, inachukua kama GB 1.8 kwenye diski, laptopu iliyochoka inaiendesha vizuri, na ikishawekwa haihitaji intaneti hata kidogo. Ile iliyotoka Agosti 2020 inataka GB 150 na uzuri wake mwingi unavutwa kutoka mtandaoni wakati unaruka, kwa mtu anayenunua bando la siku hiyo ni hadithi ya mbali. Sababu ya pili, timu iliyokuwa inatengeneza zile za zamani, ACES, Microsoft waliifunga Januari 2009, kwa hiyo dunia ya ndani ya FS2004 imeganda. Terminal 3 ya Dar imefunguliwa 2019, humo haimo na haitakuja kuwamo mpaka mtu aichonge na kuiweka.

Kuganda huko kuna faida yake pia. Pale Chicago kulikuwa na kiwanja kidogo kando ya ziwa, Meigs Field, ambacho kwa miaka mingi ndo ulikuwa unaanzia hapo ukifungua simyuleta za Microsoft. Usiku wa Machi 30, 2003 meya wa mji alipeleka matingatinga yakachimba alama kubwa za X kwenye ranwei, kiwanja kikafa. Toleo la 2004 bado linacho, lililofuata la 2006 wakakitoa, na watu wakakaa chini wakakijenga upya na kukigawa bure, kwa sababu marubani wengi wa kompyuta walijifunzia pale.

Na hapo swali la bure linajijibu. Kampuni inayouza viwanja inatengeneza Heathrow, inatengeneza Dubai, sehemu ambazo wanunuzi wapo maelfu. Nani atalipia Manyara? Kwa hiyo kama mtu anayepajua hajatengeneza, hapatengenezwi. Halafu kila kitu alichotumia alikipata bure, programu za wenzake, vipimo vya Endeavour, maktaba za vitu vidogo kama matangi ya mafuta na soksi za upepo ambazo mtu mwingine alichonga akaruhusu zitumike, sasa unauzaje kitu ambacho nusu yake ulipewa? Ndo maana kila kifurushi kina faili la maelezo limeandikwa nani alichangia nini, na sharti moja karibu wote wanaliweka, usiuze. Ukichukua banda la mtu bila kumtaja ni wizi, haijalishi ni la bure.

Kukiweka ni dakika mbili. Kifurushi kina folda mbili, scenery na texture, majina hayo hayabadilishwi, unaziweka ndani ya folda moja yenye jina la kiwanja, unaisajili kwenye orodha ya mandhari ya simyuleta, na iwe juu kwenye orodha maana ya juu ndo inafunika ya chini. Hakikisha huna faili jingine la kiwanja hicho hicho, yakiwa mawili yanagombana, unakuta maegesho mara mbili na ndege zimepandana.

Baada ya hapo anza tena kutoka KIA kama mwanzo. Meru kulia, Kisongo inapita chini na mashamba ya kahawa ya Burka, vilima vya Monduli, halafu uwanda wa Makuyuni. Safari hii usishuke mapema kwa mazoea, maana ukifika Mto wa Mbu ukiwa futi 3,800 kiwanja kiko juu yako, na mbele ya pua ya ndege kuna ukuta.