"Hakuna Kilichoandikwa", Tena!

Juzi kaja binti mwingine kwenye kaunta yangu ya maktaba. "Shikamoo mama. Natafuta imani za jadi za Wazaramo, ila hakuna kilichoandikwa." Marahaba, umetafuta wapi? Akanipa simu: *dini ya asili ya wazaramo pdf*. La kwanza kutokea lilikuwa tangazo la mganga anayerudisha wapenzi waliotoroka.

Jamani! Tumekaa Dar es Salaam, kwenye ardhi ya Wazaramo wenyewe.

Nikamwambia toa hilo "wa". Katalogi za Kiingereza huandika Zaramo, Sukuma, Luguru. Ongeza neno la Kiingereza la tambiko au la mizimu. Hata chai yangu haijapoa, kikatokea kitabu cha Mfini Marja-Liisa Swantz, cha mwaka 1970, juu ya matambiko ya Wazaramo. Ukitaka maandishi ya enzi ya Wajerumani, tafuta Usaramo, kwa s. Mjerumani s hiyo huisoma z.

Halafu rafuni. Hapa ndipo Dewey, mfumo wa kupanga vitabu vya maktaba kwa namba za mada, huniudhi. Ukristo umejinyoosha kuanzia 220 mpaka 289. Uislamu una 297. Dini za jadi za Afrika nzima zimebanwa 299.6, nyuma ya nukta, na hata hapo hazikai zote. Uchawi uko 133.4, jirani na unajimu. Hadithi za mizimu ziko 398. Mila ziko 390. Kwa hiyo mwanafunzi anafika 299.6, anakuta vitabu vinne vyenye vumbi, anarudi kuniambia hakuna kitu. Zunguka, mwanangu!

Falsafa ya Kiafrika nitapita haraka: msome padri Mbelgiji Tempels (1945), msome Mkenya Mbiti (1969), kisha mwanafalsafa wa Benin, Hountondji, anayewapinga. Usiishie kwa Mbiti. Alichukua *sasa* na *zamani* za Kiswahili, akasema kwa Mwafrika wakati ujao wa mbali karibu haupo. Hoja aliijengea kwenye Kikamba na Kikikuyu, sawa, lakini sisi tunaohesabu kesho, keshokutwa, mtondo, mtondogoo?

Binti akafunga daftari, kisha akauliza, "Na bibi yangu wa Kisarawe? Tambiko analijua lote."

Hapo nikakwama. Miaka yote hii nawafundisha makala iliyopitiwa na wataalamu, na wataalamu wenyewe walikwenda kumuuliza bibi kama huyo, wakarudi na shahada. Nikamwambia mwombe ruhusa, andika jina lake, mahali na tarehe.

Msimamizi wako wa utafiti akigoma, usinitaje.