Mkanda wa taimingi haupigi kelele kabla ya kukatika

Wenye magari wengi hapa Goma wanaamini hivi: mkanda wa taimingi, ule unaofanya pistoni na valvu za injini ziende kwa mpangilio, na mafundi wetu wanauita kurua ya distribisyoni, utalia kwanza ukichoka, basi hakuna haraka ya kuubadilisha.

Mkanda unaolia asubuhi kwa kawaida ni ule wa nje, unaozungusha altaneta. Wa taimingi una meno, umefichwa nyuma ya kifuniko, na mara nyingi hukatika kimya kimya. Katika injini nyingi pistoni hapo hapo hugonga valvu, na gharama ya kutengeneza inazidi bei ya mkanda wenyewe mara kadhaa. Inauma kuona familia ikipoteza gari la kutafutia mkate kwa sababu hiyo.

Raba huchakaa kwa kilomita na kwa miaka pia. Kitabu cha gari hutaja vyote viwili. Kwa injini nyingi mkanda hubadilishwa kati ya kilomita 60,000 na 160,000. Kwa gari lililotoka Japani, fungua boneti utafute kibandiko: huenda fundi wa kule aliandika kilomita za siku mkanda ulipobadilishwa. Usipokipata, hesabu kwamba haujabadilishwa.

Kwanza hakikisha kama injini yako ina mkanda wa taimingi au cheni badala yake.

Na pompa ya maji? Kama inazungushwa na mkanda huo huo, ibadilishwe pamoja, hata kama haivuji. Kuifikia baadaye ni kufungua yote upya na kulipa ufundi mara mbili.