Sumaku haitambui sarafu bandia

Mwezi huu pekee nimeletewa sarafu sita zilizopatikana kwenye chenji, na wote sita walionijia walikuwa wameshatoa hukumu kabla ya kuketi, kwa kuwa walikwisha kuzigusisha kwenye sumaku iliyong'olewa kwenye spika mbovu. Mmoja wao alikuwa mzee aliyeitunza shilingi ya mwenge ya mwaka 1966 tangu ujana wake. Mwenye duka alikuwa amemwambia mbele ya watu kwamba ni feki, ati kwa sababu hainasi kama inavyonasa sarafu ya mia tano. Shilingi ile ilikuwa halali kabisa, na iliniuma kuona jinsi mzee alivyofedheheka kwa jambo ambalo lingemalizwa kwa dakika mbili na mtu anayejua anachokiangalia.

Sumaku hujibu swali moja tu, nalo ni kama kitu ulichokigusisha kina madini yanayovutwa nayo, hasa chuma au nikeli iliyo safi. Haijui sarafu iligongwa na nani, wapi, wala kwa idhini ya nani. Shilingi moja ya Tanzania iliyotolewa kuanzia 1966 hadi miaka ya mwanzo ya 1980 ilikuwa ya mchanganyiko wa shaba na nikeli, na mchanganyiko huo, ingawa una nikeli ndani yake, hauvutwi na sumaku. Iliyofuata kuanzia 1987 ni chuma kilichovikwa nikeli, na hunasa papo hapo. Kenya nako ni vivyo hivyo: shilingi moja ya mwaka 1980 yenye sura ya Rais Moi hainasi, lakini ile ya mwaka 1995 yenye rangi ya manjano hunasa, kwa sababu manjano yale ni utando tu juu ya chuma. Uingereza ilibadilisha sarafu zake za peni tano na za peni kumi kuwa za chuma mwaka 2012, na sarafu ya yuro moja huvutwa sehemu ya katikati tu, huku pete yake ya nje ikiwa haina habari na sumaku. Benki kuu nyingi zimehamia kwenye chuma kwa kuwa shaba na nikeli ni ghali, na sarafu ya thamani ndogo haipaswi kuwa na madini yanayoizidi thamani yake. Kwa hiyo anayetangaza kwamba sarafu halali lazima inase, au kwamba haipaswi kunasa, bila kwanza kusoma mwaka ulioandikwa juu yake, anabahatisha.

Linalonikera zaidi ni upande wa pili wa dhana hiyo, yaani imani kwamba isiyonasa ni ya madini ya fedha. Shilingi ya Afrika Mashariki ya mwaka 1942 ina fedha asilimia 25. Ya mwaka 1950 haina fedha hata chembe. Sumaku inazipita zote mbili bila kuzigusa, na nimewaona watu wakinunua za mwaka 1950 kwa bei ya zile za 1942 kwa sababu tu muuzaji aliwaonyesha sumaku.

Kwa upande wa sarafu zilizochakachuliwa, mfano mzuri kuliko yote unatoka Marekani. Mwaka 1943 senti za nchi hiyo ziligongwa kwa chuma kilichopakwa zinki, kwa kuwa shaba ilihitajika vitani, lakini chache mno zilitoka zikiwa za shaba kwa bahati mbaya na leo zina thamani kubwa sana. Matapeli wakaanza kuzipaka shaba zile za chuma, na hapo sumaku inasaidia, kwa sababu senti ya namna hiyo itanasa. Wengine, hata hivyo, walichukua senti ya shaba ya mwaka 1948 wakaikwangua tarakimu ya nane upande wa kushoto mpaka ikafanana na tatu, na kwa senti hiyo sumaku inakaa kimya, kwa kuwa ni shaba kweli kutoka kiwanda halali. Inayomuumbua tapeli huyo ni lenzi: utaona mikwaruzo kandokando ya tarakimu na umbo lisilolingana na tatu halisi za mwaka ule.

Ninachowasihi watu, na nitaendelea kukirudia, ni kununua mizani ndogo kama ya sonara inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, na kutafuta sarafu mwenza ya thamani ileile na mwaka uleule ili ziwekwe pamoja. Sarafu ya shilingi 500 ya Tanzania, iliyoanza kutumika Oktoba 2014, ina uzito wa gramu 9.5 na kipenyo cha milimita 27.5, na ukiigeuzageuza kwenye mwanga upande wa nyati, alama iliyofichwa huonyesha mara 500, mara BOT, kifupi cha jina la Benki Kuu ya Tanzania kwa Kiingereza. Mghushi anaweza kupata chuma kinachonasa kwa urahisi, lakini alama hiyo itamtoa jasho. Tazama pia ukingo, ambao wengi hawauangalii kabisa: bandia iliyomiminwa kwenye kalibu mara nyingi huacha mstari wa maungio ukingoni, vishimo vidogo vya hewa usoni, na herufi zilizolegea kama zilizoandikwa kwenye sabuni.

Sarafu yenye vichwa pande zote mbili si kosa la kiwanda lenye thamani ya mamilioni. Zile zinazopatikana mikononi mwa watu karibu zote zimetengenezwa na fundi aliyeitoboa sarafu moja kama kikombe na kuipachika nusu ya nyingine ndani yake, na ukichungulia kwa lenzi pale uso unapokutana na ukingo utaliona ungio lake.

Tundu si dalili ya uchakachuaji kwa kila sarafu. Senti tano na senti kumi za Afrika Mashariki zilitoka kiwandani zikiwa na tundu katikati, lenye mkanda ulioinuka kulizunguka. Tundu lililo karibu na ukingo, lisilo na mkanda na linalokata maandishi, ndilo lililotobolewa baadaye, mara nyingi ili sarafu ivaliwe shingoni.

Malengelenge na kutu kwenye sarafu ya chuma iliyovikwa maana yake ni kwamba utando umepasuka na unyevu umeingia, basi. Kuidondosha sakafuni ili uisikilize nako hakufai kwa zile zenye pete na kiini, ambazo hata zikiwa halali hutoa mlio mfu.

Nawaomba pia, kabla ya kuniletea sarafu, msiisugue kwa majivu, ndimu wala dawa ya meno. Mikwaruzo ya tapeli huonekana kwa sababu rangi yake ni mpya kuliko sehemu nyingine za sarafu, na ikishang'arishwa yote rangi hiyo inafanana, ushahidi unapotea, nami sina tena cha kusoma.